Kwa Baba Heskel, Aliyekataa Kufungua Mdomo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ya Sabato, ukiwa umeshaoga na kuvaa shati jeupe la kwendea sinagogi. Mama anasema ulifanya makusudi, ili watakaokuosha wasipate taabu. Tulipomwambia kwamba maiti huoshwa hata akiwa ameoga, akajibu, "Alijua. Alitaka tu wakute pasafi."

Mimi Simha, bintiyo mkubwa, ndiye niliyeshika kalamu kwa niaba ya wote. Mama hawezi kuandika bila kulia, na Sasson hawezi kuandika bila kugombana.

Tunaikumbuka mikono yako ya manjano. Uliitengeneza achari ya maembe tangu ulipokuja kutoka Baghdad ukiwa kijana, na bizari haikutoka tena kwenye kucha zako, hata siku za sikukuu. Orit, kitindamimba wetu, hakukubali umguse sare yake ya shule. "Baba, tafadhali! Darasa zima litajua mimi ni wa wapi!" Nawe ulimnusa utosini kwa makusudi, ukamwambia aende sokoni akajichagulie baba mwingine, wa manukato.

Dukani ulimwonjesha kila mtu, anayetaka na asiyetaka. Mjomba Gurji, kaka yake Mama na mwenzako katika biashara, alikuwa akisema duka hili halitauawa na wezi, litauawa na kijiko chako. Uligombana na redio kila asubuhi kana kwamba msomaji wa habari anakusikia. Ukishindwa hoja unaizima.

Lakini mjini hawakukumbuki kwa achari, Baba. Wanakukumbuka kwa mchana mmoja, na wako ambao mpaka leo hawajakusamehe. Tumeona tuuandike hapa sisi tuliokuwepo, usije ukabaki midomoni mwa wasiokuwepo.

Orit alikuwa na miaka kumi na saba. Alisimama kituoni akisubiri basi la Tel Aviv, anakwenda kununua viatu vya harusi ya binamu yetu. Mtu akaja akajilipua katikati yao. Waliokufa pale walikuwa watu wanaosubiri basi, basi. Hawakuwa na ugomvi na mtu. Tulimzika jioni ileile kama ilivyo desturi yetu, nawe ukachana shati lako kifuani kwa mikono miwili, na kitambaa hakikutaka kuchanika upesi.

Tukakaa matanga ya siku saba. Vioo vimefunikwa, wafiwa tumekaa kwenye vigoda, majirani wanatuletea mayai ya kuchemsha na dengu tusizoweza kuzimeza. Siku ya pili mchana tukasikia viatu vingi ngazini. Mlango ulikuwa wazi, kama mlango wa msiba unavyokuwa, na maneno yakatangulia kuingia kabla ya watu.

"Tunampa mzee pole, kisha moja kwa moja sokoni."

"Wale Waarabu wa stoo ya achari bado wapo?"

"Watakwenda wapi na barabara zimefungwa? Leo wataondoka kwa machela."

"Na Sasson?"

"Sasson ndiye wa kwanza. Ameshakubali."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Ndani ya stoo yetu walikuwa Jawad na binamu zake wawili, wafanyakazi wako. Jawad umemlea kazini tangu hajaota ndevu. Kila msimu alimletea Orit tini kutoka kwao, zimefungwa kwenye majani, na Orit alikula zote kabla hujafika nyumbani.

Wakaingia vijana saba au wanane, Avner mbele. Avner amekua na Sasson, wamevunja madirisha ya mtaa huu pamoja, na alikuwa akimpenda Orit. Sote tulijua isipokuwa wewe. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Wakakaa.

Kwetu anayekuja matangani hamwambii mfiwa neno lolote mpaka mfiwa mwenyewe afungue mdomo. Hata mlevi wa mtaa anaijua desturi hiyo. Na bila kusema neno la pole mtu hawezi kuinuka akaenda zake. Kwa hiyo walikaa wakikutazama, wanangoja useme lolote, hata "karibuni," ili wakupe pole yao waondoke.

Nawe ukanyamaza.

Mama akainuka kwenye kigoda chake akaenda jikoni. Mfiwa hana kazi jikoni siku hizo, na wanawake waliokuwa wakikosha vyombo walimshangaa. Simu yetu ilikuwa imetundikwa huko, karibu na jokofu. Nilimsikia akinong'ona na Mjomba Gurji kwa Kiarabu chenu cha Baghdad, kisha akarudi akakaa, akapangusa mikono mikavu. Hamkushauriana, Baba. Hata kutazamana hamkutazamana.

Chai ikaletwa, ikapoa. Mmoja wa vijana akakohoa kwa matumaini. Avner alikuwa akitikisa goti mpaka vikombe mezani vikalia. Jirani yetu Bi Habiba, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alijifunika mdomo kwa kitambaa. Sasson naye alikuwa mfiwa, angeweza kuyafungua mazungumzo yeye, lakini nyumbani kwetu mtoto hasemi kabla ya baba. Mara moja akavuta pumzi kama anayetaka kusema. Ukaweka mkono wako wa manjano juu ya goti lake, ukauacha hapo.

Sijui tulikaa muda gani. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Hatimaye Mjomba Gurji akaingia akihema, ananuka siki, akakaa karibu na mlango akakutazama. Wewe ukashusha pumzi ndefu, ukasema:

"Orit hakuwahi kula achari yangu. Hata siku moja."

Avner akaangua kilio kama mtoto mdogo. Wote wakalia, na kwa muda hapakuwa na mtu aliyekumbuka alichokijia. Kisha Avner akajipangusa uso.

"Mzee Heskel, tupe ruhusa tu. Tuko tayari."

"Ruhusa ya nini, mwanangu?"

"Ya kumlipia kisasi Orit."

"Msiba ni wangu. Sijamtuma mtu."

Hapo Sasson akasimama. "Ni dada yangu, Baba! Damu nzito kuliko maji!"

"Ni nzito. Ndiyo maana sitaki uibebe. Jawad alimfanya nini dada yako?"

"Ni wao wamemuua!"

"Sikukuuliza wao. Nimekuuliza Jawad."

Sasson akatoka mbio na kuyaacha matanga. Avner akamwita, hakugeuka. Alichukua nondo iliyokuwa ndani ya gari la Avner akaenda sokoni peke yake. Stoo ilikuwa tupu. Magodoro yalikuwa bado yametandikwa na birika lilikuwa bado na chai. Mjomba alikuwa ameshawatoa mjini kwa pikapu yake, wamejikunja chini ya turubai katikati ya mapipa ya achari. Alituambia baadaye kwamba kwenye kizuizi askari alifunua turubai kidogo, harufu ikampiga, akalirudisha na kumwambia, "Pita, mzee, pita, kabla sijatapika!" Hicho ndicho kitu pekee kilichotuchekesha mwaka ule.

Sasson aliyapasua mapipa yote yaliyobaki. Akarudi nyumbani na viatu vimelowa manjano, akasimama mbele yako.

"Mmeninyima," akasema. "Wewe na Mama mmeninyima."

"Ndiyo," ukamjibu. "Tumekunyima." Ukamsogezea kigoda chake akae.

Wasomaji wasidhani ulipata amani baada ya hapo. Hukupata. Mtu aliandika kwenye mlango wetu kwa rangi nyekundu: BABA ASIYE NA UCHUNGU. Mama akapaka rangi juu yake huku akisema kwa sauti, ngazi nzima isikie, kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na asiyezaa akae kimya. Wateja wengine walihamia duka jingine. Usiku hukulala, na mchana ulisinzia dukani na kijiko mkononi. Redio hukuiwasha tena. Sasson alihama nyumbani, na kwa miaka mingi mlizungumza kwa kupitia Mama: "Mwambie babako," "Mwambie mwanao," hata mkiwa mmeketi meza moja siku ya Pasaka.

Jawad hakurudi kazini. Barabara zilifunguliwa zikafungwa tena. Kisha mdogo wake Jawad, mvulana wa rika la Orit, akauawa kwa risasi akiwa juu ya paa la kwao anatengeneza tangi la maji. Hakuwa amemfanyia mtu lolote. Mjomba alipokuletea habari ulishuka kwenye kiti ukakaa sakafuni.

"Inuka, Heskel," Mama akakuambia. "Huyo si mwanao."

"Najua si wangu," ukasema. "Wangu namjua alipo."

Ulimpigia simu baba yake Jawad. Tulisikia upande wako tu. Ulilia naye kwa Kiarabu cha mama yako, na neno ulilolirudia ni moja: mtoto, mtoto. Majirani walisikia pia, na baadhi yao waliacha kutusalimia. Wewe uliendelea kuwasalimia wote, na kuwaonjesha.

Baba, kuna jambo moja hukulisikia ukiwa hai. Mwezi uliopita Sasson alinichukua kwa gari kuja kaburini kwako. Unajua jinsi anavyoendesha, anamtukana kila mtu barabarani. Siku hiyo hakumtukana hata mmoja. Tulipofika aliegesha, asizime injini.

"Simha, watu wakisimulia habari ile wanasema nilikwenda kuwatisha."

"Ndivyo wanavyosema."

"Uongo. Ningemuua. Nilikuwa nimeshamuua moyoni, kilichobaki ni kumkuta."

Wanawe walikuwa kiti cha nyuma wanagombania pakiti ya mbegu za alizeti, naye akawatazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Baba hakuniomba hata siku moja nimshukuru," akasema. "Nami sikumshukuru. Ukiandika kumbukumbu yake gazetini uliandike hilo, na uandike jina langu. Usinifichie."

Sijamfichia.

Mshumaa wako wa mwaka tumeuwasha pembeni mwa wa Orit. Hatutachoka kukukumbuka, Baba, maadamu mmoja wetu yu hai. Wanaokukumbuka ni mkeo Nazima. Mimi bintiyo Simha na mume wangu Menashe. Shemeji yako Gurji. Wajukuu zako wote, ambao hawapendi achari. Avner, aliyeomba awekwe humu. Jawad na wazee wake, kutoka ng'ambo ya kizuizi. Na Sasson mwanao, ambaye hajamuua mtu.