Hata Hodi Hawakupiga

Jumapili, 12 Agosti 2018

Eish, bado nina hasira na wale watu wa kwenye filamu ya Australia tuliyoitazama jana usiku. Mke na mume wamepiga kambi porini, wanakata miti ovyo, wanaua wanyama, halafu wanashangaa pori likiwageuka.

"Hata hodi hawakupiga," nikasema.

Neema, binti yangu mzaliwa wa hapa Joburg, akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake: nani angewafungulia mlango?

Nikamwambia kwetu Kalemie, Kongo, baba alikuwa akipiga hodi ukingoni mwa pori, anangoja ndege alie, ndipo tunaingia kuokota kuni. Na tukitoka tunaaga.

Sikumwambia kuwa siku ya vita nilikatiza pori lile mbio, nikatokea upande wa pili bila kuaga. Huenda linadhani bado nimo ndani.