Bustani Iliyoishi Ndani ya Mikebe

Ijumaa, alasiri. Mvua imekatika saa saba, lakini mawingu bado yamelala juu ya milima, na chumba changu kinanuka udongo.

Ninaomba radhi kwa kimya kirefu. Mjukuu wangu aliponifungulia ukurasa huu mtandaoni niliahidi kuandika kila Ijumaa, na sasa imepita miezi mitatu bila hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na kazi, na kazi hiyo ilinirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa msimamizi wa bustani moja ya zamani, sehemu ya juu ya mtaa wa Rohero hapa mjini. Imezungukwa na ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa wakati wa Wajerumani, mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono. Ndani yake mlikuwa na matuta tisa ya maua: moja la mviringo katikati, tulilolihesabu la kwanza, na manane yaliyolizunguka kama vipande vya mkate uliokatwa kwa uangalifu. Vita vilipozidi, bustani ilifungwa. Mwezi wa Agosti ofisi inayoimiliki iliniita nirudi kuisimamia, nipime matuta, nichore ramani mpya kwa kuwa ya zamani imepotea, na nieleze ni maua gani yalipandwa wapi, ili yote yarudi kama yalivyokuwa.

Kupima nilikuweza. Nilichukua nondo nyembamba, nikawa naichoma ardhini kila baada ya hatua moja. Ilipogonga tofali la ukingo, nilipiga kigingi na kufunga kamba. Chini ya majani makavu matuta yakaanza kujitokeza, moja baada ya jingine, mpaka nikayapata yote isipokuwa la nane. Nikapiga hesabu. Kama yale saba ya pembeni yamegawanyika sawasawa, la nane lazima liwe karibu na kona ya bomba la maji. Nilitoboa mahali hapo siku mbili nzima, na nondo haikugonga kitu.

Kuhusu maua, sikukumbuka karibu chochote.

Aliyeyajua maua alikuwa Rajabu, mtunza bustani wangu tangu siku ya kwanza. Mimi nilishika vipimo, yeye alishika mimea. Na mimi na Rajabu tulikuwa hatujazungumza kwa miaka minane.

Ni lazima nieleze sababu, ingawa sijawahi kuiandika popote.

Miaka minane iliyopita ililetwa barua ya amri kutoka juu: kila mmea ndani ya ukuta ule usizidi kimo cha goti, ili mtu asipate pa kujificha. Sikuuliza goti la nani. Nilikata kijiti kulingana na goti langu, nikapita nacho kwenye kila tuta. Hibiskasi zilikatwa, asumini zikakatwa, maua ya kana yakafyekwa. Rajabu alikata kimya mpaka tulipofika tuta la katikati, penye waridi jekundu ambalo alilitunza kwa zaidi ya miaka ishirini. Akaniomba tuliache hilo moja. Alisema mtu hawezi kujificha nyuma ya waridi, miiba yenyewe itamfukuza.

Nilimjibu kwamba amri haina mlango wa nyuma.

Akaweka panga chini, mbele ya viatu vyangu, akatoka. Waridi nililikata mwenyewe. Siku zile mtu aliyebishania kichaka aliweza kuulizwa anamficha nani, na nilikuwa na hofu. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hofu. Nilikuwa pia na fahari ya kutii sawasawa, na fahari hiyo ndiyo inayoniuma.

Mke wa Rajabu alipofariki nilikwenda mazikoni. Alinipa mkono, akatazama pembeni.

Kwa hiyo nilipokwenda kwake mtaa wa Buyenzi mwezi uliopita, nilitembea polepole kuliko miguu yangu ilivyohitaji. Ua wake umebanwa na mafundi magari. Unapita katikati ya injini zilizofunguliwa na mataili yaliyorundikwa. Binti yake Zaina, mwanamke mzima sasa, alikuwa akifua nguo mlangoni. Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu.

“Baba mukubwa, umepotea njia? Musikiti iko kule.”

Nikasema nimekuja kumwona baba yake. Ndipo alipoinama na kunieleza kwa sauti ya chini kwamba macho ya mzee yamekwisha. Anatofautisha mchana na usiku, basi. Sikuwa na habari. Nilisimama pale na mkoba wangu wa ramani kama mtu aliyeleta kitabu kwa asiyeweza kusoma.

Kutoka ndani Rajabu aliuliza ni nani.

“Ni shefu yako, mukubwa wako wa kazi,” Zaina akajibu.

“Miye sina shefu. Mwambie aingie, jua ni kali.”

Nilikunywa chai yake. Nilimweleza kazi yote, pamoja na tuta la nane. Hapo akacheka, mara ya kwanza, akauliza kama bado ninaamini dunia iligawanywa kwa rula. Kesho yake Zaina alimleta bustanini. Rajabu akavua viatu mlangoni, akaingia peku, mkono mmoja juu ya bega la binti yake. Alipita kwenye njia za zamani, zenye kokoto chini ya nyasi, kisha akasimama mbali kabisa na mahali nilipotoboa, upande wa ukuta wa mashariki.

“Hapa. Udongo hapa iko laini, ilikula samadi miaka mingi. Ile pembe yako ya bomba ilikuwa inajaa maji, tukahamisha tuta. Ulikuwa likizo, ukarudi haukupima tena.”

Nilichoma nondo. Ikagonga tofali.

Tulipima wiki tatu. Yeye alitembea, mimi nilipiga vigingi nyuma yake. Alikuwa akisema “hapa imepinda kidogo,” na mimi nilikuta imepinda kidogo. Siku moja alinifungia kamba ya kiatu, kwa sababu mgongo wangu haukubali kuinama na vidole vyake havihitaji macho. Hatukuzungumza habari ya waridi.

Jumatatu nilikamilisha ramani, nikampelekea nyumbani nimsomee. Nilisema kilichobaki sasa ni kutafuta miche, na kwamba nina wasiwasi, kwa sababu waridi la aina ile sijaliona tena hapa mjini. Rajabu akamwambia Zaina anipeleke nyuma ya nyumba.

Ninaandika polepole sasa, kwa sababu ninataka kueleza sawasawa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mikebe. Mikebe ya maziwa ya unga, mikebe ya mafuta, madumu yaliyokatwa nusu, imepangwa chini ya bati mpaka kwenye choo. Ndani yake mlikuwa na hibiskasi, asumini, kana, krotoni za majani ya madoa. Bustani yangu yote ilikuwa hai mle, imefupishwa. Zaina alinieleza kwamba siku ile ya kukata, nilipokwenda kuswali adhuhuri, walikuja na baiskeli wakaokota matawi yaliyotupwa nje ya ukuta. Baba yake akayachomeka yote. Mengi yalikufa mwaka wa kwanza, yaliyobaki yakazaa vipandikizi vingine. Wakati wa milipuko waliokimbia mtaa walibeba magodoro. Wao walibeba magodoro na mikebe tisa, mmoja wa kila tuta.

“Mama alisema ile mikebe ni bibi mudogo wa baba, muke wa pili,” Zaina akasema, akafuta mikono kwenye kanga. “Mama mwenyewe alikuwa anayamwagilia kila siku lakini.”

Niliuliza watajuaje kipi cha tuta gani. Akanipa mkebe mmoja, akaniambia niupapase chini. Kulikuwa na matundu ya msumari ya kutoa maji: matatu. Mwingine ulikuwa na matano. Rajabu alitoboa kila mkebe kulingana na namba ya tuta lake, tangu alipokuwa bado anaona.

Mkebe wenye tundu moja ulikuwa na waridi. Lilikuwa na ua moja, dogo, jekundu.

Nililia. Mtu wa umri wangu hapaswi kulitangaza hilo, lakini nimeahidi kuandika sawasawa.

Niliporudi ndani nilimwomba Rajabu msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimekawia, lakini si sana. Mikebe yote ataitoa. Hataki malipo wala jina lake kwenye kibao.

“Naomba kitu moja. Siku wakisema tena zikatwe, weye useme apana. Useme na kinywa yako, mbele yao. Kama hauwezi, nambie sasa, maua ibaki hapa. Miye siwezi kuyaokota mara ya pili.”

Nilimwambia anipe muda. Akasema mvua ya kupandia haitanisubiri.

Ningependa kudhani ni ahadi nyepesi. Lakini Jumanne nilipowasilisha ramani ofisini, karani alifungua faili na kunionyesha barua ile ile ya goti. Haijafutwa. Alisema wakubwa wanataka maua, na barua hawana nguvu ya kuiondoa. Tupande tu, tutaona. Juma hili pia tumesikia milio ya risasi kutoka upande wa Kinanira. Yakipandwa sasa, mwakani yatanifika kifuani. Siku yoyote mtu anaweza kuja na karatasi mkononi, na mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni.

Katika maisha yangu sijawahi kukataa amri. Hata moja. Niliwahi kudhani hiyo ni sifa.

Rahisi ni kusema ndiyo, mikebe ije, kisha niombe siku hiyo isifike. Nina miaka sabini na mmoja, huenda nisiwepo. Lakini Rajabu hanioni uso, na ndiyo maana siwezi kumpa neno ambalo uso wangu haulikubali.

Leo msikitini Zaina alimwacha baba yake mlangoni, naye akauliza niko wapi, akaja kusimama kando yangu. Baada ya sala alinipa mkono na kuushika kwa muda. Nilijua anasubiri. Kisha akaupigapiga mkono wangu mara mbili kama anavyoupigapiga udongo juu ya mche, akaondoka.

Je, mzee anaweza kujifunza neno moja jipya, tena fupi kama “hapana”? Nimejaribu kulitamka mara kadhaa leo, peke yangu, kwa sauti. Halijakaa vizuri mdomoni.

Nitakapokuwa nimempa Rajabu jibu lake, nitaliandika hapa, hata likiwa ni jibu la aibu. Kabla ya hapo sina haki ya kuandika neno jingine.