Vitabu Kumi na Saba Bila Sudi Kukosea

Shangazi yangu,

Niko mezani tangu asubuhi na sijatulia hata dakika kumi. Nimeosha vyombo visafi, nimefagia ua ambao upepo wa Nkuhungu unaurudishia vumbi papo hapo, nimerudi. Daftari la kitabu chako cha kumi na nane liko wazi mbele yangu, na sura ya mwisho haina hata neno moja. Mpiga chapa anaitaka kesho, na sasa ni mimi wa kuiandika badala yako. Amepiga simu mara tatu, nami nimemwambia bado kidogo, uongo mtupu, maana hata sijaanza. Ungekuwapo ungesema, "Wewe binti, keti, unanitia kizunguzungu."

Haya, nimeketi.

Unakumbuka Sudi alivyoanza? Kibandani kwako Majengo, ulipokuwa ukiwapigia watu chapa barua za kuomba kazi na za kesi za mashamba. Mteja akichelewa, ulichomeka karatasi nyingine kwenye mashine ukarudi enzi za Mjerumani, kwa Sudi mfuata nyayo, mtumishi wa boma la Kilimatinde, anayemtambua mwizi kwa jinsi alivyokanyaga mchanga. Mimi nilikuwa darasa la sita. Ulinipa kurasa nizisome kwa sauti huku ukimenya karanga, na nilipojikwaa ulisema, "Hapo pabaya. Ukikwama wewe, msomaji naye atakwama." Kisha ukafuta. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akifuta kitu kwa sababu yangu.

Leo nikuambie ambacho sikukuambia vizuri: vitabu vyako ni vitamu. Hukuwahi kumchezea msomaji. Kila alama aliyoiona Sudi, nasi tuliiona. Ile njaa ya kitabu cha nne, watu wakienda kubeba mataruma ya reli ili wapate kula, mpaka leo nikiisoma naweka sahani kando. Wapagazi wako wanataniana kama watu, hawahutubii. Na yule bwana mkubwa wa boma hukumpa jina, ulitundika tu kiboko chake mlangoni, ikatosha.

Lakini, shangazi. Sudi anachechemea mguu wa kushoto mpaka kitabu cha sita, kisha ni wa kulia. Reli imejengwa ikaisha, watoto wamekua wakaoa, yeye bado ana miaka thelathini. Wanawake wako huleta maji na kuondoka, wakati wewe mwenyewe hakuna mtu aliyethubutu kukutuma maji. Na mwizi hukiri yote ukurasa wa mwisho, mbele ya watu, bila kuombwa. Hayo nilikutania nayo ukacheka, ukasema wasomaji hawajalalamika.

La Ndahani ndilo lililotugombanisha. Nalieleza kwa kuwa barua hii wataisoma na wengine. Katika kitabu cha saba, Sudi anakuta zizini kwa Ndahani ng'ombe kumi na wawili wenye alama za masikio za mtu mwingine, mtu aliyefia safarini. Ndahani anakana. Anachapwa viboko, anatiwa mnyororo, anapelekwa kuvunja mawe ya reli. Hadithi imekwisha.

Wewe ulikulia dukani, Kondoa mjini. Ng'ombe ulimjulia buchani. Mama yangu, Mgogo wa Kongwa, alipofika hapo aliweka kitabu chini akasema, "Huyu kafungwa bure." Kwao mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Huwagawa kwa marafiki wamtunzie, ili ukame au ugonjwa usije ukawamaliza kwa mara moja. Mtunzaji hunywa maziwa, alama za masikio hubaki za mwenyewe. Ndahani hakuiba chochote, alikuwa anaaminiwa.

Kisha akaja yule mzee aliyesomewa kitabu na mjukuu wake. Ulimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, huyu mtu umtoe."

"Mzee wangu, hii ni hadithi tu."

"Najua. Mtoe."

Nami, kwa kiherehere changu, nikadakia mbele ya wateja wote, "Shangazi, umekosea, na Sudi kakosea. Sema tu." Ulichomoa karatasi kwenye mashine ukaikunja.

Tangu siku hiyo vilitoka vitabu kumi, nikavinunua kama mteja yeyote. Idi ulinilisha, ukaniuliza habari za shule ninakofundisha, lakini ukurasa hukunipa tena. Iliniuma sana. Nilikuaibisha mbele ya watu, na kwa hilo nisamehe. Kwa lile jingine siombi msamaha.

Sababu yako uliitaja mara moja tu, hospitalini, bila mimi kuuliza. "Wakati ule kila mtu aliwaonea watu wetu. Nilitaka mmoja ambaye akisema huyu ndiye, basi ndiye." Nilikuelewa, shangazi, na ndiyo maana situlii. Huyo mmoja wetu ndiye aliyempeleka Ndahani chini ya kiboko.

Katika daftari hili umemleta Sudi kuchunguza kifo kwenye kambi ya wafungwa wa reli. Muuaji nimeshamjua, umeacha alama zote kama kawaida yako. Ila kwa nini kambi hiyo? Nimelisoma mara saba nikimtafuta Ndahani, hatajwi. Sijui kama ulikuwa unamwendea ukafia njiani, au ni mimi ninayetamani.

Niliiacha barua hapo nikaandika sura. Imenichukua saa tatu. Muuaji amekamatwa, na sikumwacha akiri. Kisha nimempitisha Sudi katikati ya wafungwa hadi kwa mtu mmoja mwenye mvi. Kama nimekukosea, nimekukosea. Siwezi kumwacha mtu kwenye mnyororo eti kwa kuwa shangazi yangu amefariki.

Sudi amemwambia, "Nilikosea." Nilitaka Ndahani alie, au amsamehe, nikaandika yote mawili nikafuta. Amemtazama tu, akamuuliza, "Ng'ombe wa rafiki yangu wako wapi?"

Nimeishia hapo, na kesho napeleka.

Mungu akurehemu. Kama umekasirika, kasirika. Mimi bado nakupenda.

Binti wa kaka yako