Safi Si Salama

S.L.P. 218,
Lewistown, Montana.
9 Agosti 1998.

Mpwa wangu mpendwa Marit,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mumeo Clement, pamoja na mama mkwe wako ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua wakati barafu ya mto inayeyuka. Je, ameanza kutembea bila fimbo? Na samaki wa mwaka huu, mmekausha wa kutosha? Sisi huku tunapumua. Mama yako anakula vizuri, ingawa bado anatoa vikombe viwili vya kahawa kila asubuhi, kisha anakirudisha kabatini kile cha marehemu baba yako. Mvua imekuwa haba, lakini ngano imesimama.

Kwa desturi ningeongeza kwamba huku ni salama. Safari hii neno hilo siliandiki, na nitakueleza kwa nini, hatua kwa hatua, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wa fizikia kwa miaka thelathini na moja. Nivumilie. Nimekasirika, na mwalimu aliyekasirika huandika kirefu.

Kwanza jambo lenyewe, usije ukaiweka barua kando kabla hujalifikia. Yale maganda mia tatu ya risasi za baba yako, aliyokutumia kaka yako Kermit, usipige hata moja. Na yale arobaini kati yake uliyoniambia umekwisha kuyajaza baruti, usiende nayo kuwinda. Nimepiga simu mara tano dukani kwenu bila kupokelewa, nadhani mko kambini mnavua samaki. Ndiyo maana nimeandika.

Nilipokupigia kukupa habari ya ajali ya wifi yako Twyla, ulisikitika, kisha ukasema, "Mjomba, Kermit hupima baruti kama anayelisha kuku. Mimi napima punje kwa punje, na maganda yangu yako safi." Sasa ninalo jibu, na kipande chake kimo ndani ya bahasha hii.

Unayakumbuka masanduku ya mbao ya Harlan, baba yako, pale karakanani. Kila sanduku lilikuwa na maganda hamsini, na kila yalipopigwa na kujazwa upya, alichora mstari mmoja wa penseli kwenye kifuniko. Mstari wa saba ukichorwa, aliyaponda yote kwa nyundo, hata yawe yanapendeza namna gani. Wenzake walimtania kwamba anaponda mali. Alikuwa akiwajibu kwamba shaba huuzwa dukani, macho hayauzwi.

Baada ya mazishi Kermit alinunua mashine ya kung'arisha, ile inayozungusha maganda ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Akamimina masanduku yote kumi na mawili kwenye pipa moja, yenye mstari mmoja pamoja na yenye sita, akayang'arisha fungu kwa fungu. Yalitoka yanametameta kama pete za arusi. Masanduku yenyewe, kwa kuwa yalikuwa yamechakaa na kunuka mafuta, aliyatia kwenye jiko la kuni. Nusu ya maganda akakutumia wewe. Alifanya hivyo kwa upendo, hilo simnyimi.

Nami nilikuwepo aliponionyesha lile pipa. Nilimwuliza kama maganda yale ni salama. Akanijibu, "Safi kabisa, mjomba." Mimi, mtu mzima mwenye shahada mbili, nikalipokea neno hilo badala ya lile nililouliza, nikaendelea kunywa kahawa.

Jumamosi ya tarehe 25 Julai, kwenye uwanja wa shabaha, Twyla alipiga risasi tatu kati ya zile Kermit alizozijaza katika nusu iliyobaki, bila tatizo. Ya nne ganda lilikatika kule nyuma, gesi ya moto ikarudi kupitia kwenye komeo la bunduki na kumpiga usoni. Miwani yake ya kujikinga ilipasuka lakini ilizuia mengi. Chembe moja ya shaba ilipenya ubavuni mwa miwani na kuingia jicho la kulia. Alilazwa hospitalini Great Falls siku sita. Jicho limeokolewa, anaona mwanga na nyuso, herufi ndogo bado. Na unajua mji huu mzima unaoana kwa magauni aliyoyashona yeye.

Basi sikia kilichonichoma. Vernon Quist, anayesimamia uwanja, alisimama mbele ya watu akasema kwamba miwani ni mambo ya wanaojifunza. Wazee wa kijiwe cha kahawa wakagawanyika, nusu wakalaumu bunduki, nusu wakamlaumu Kermit kwa kuzidisha baruti. Nilizivunja risasi zilizobaki na kupima baruti kwa mizani yangu. Hakuzidisha hata punje. Wiki nzima ya maneno, na hakuna aliyechukua msumeno akalipasua ganda moja kuangalia ndani.

Nililipasua mimi. Chukua hicho kipande nilichokutumia, kitazame upande wa ndani. Risasi inapolia, ganda huvimba na kung'ang'ania kuta za chemba, pale risasi inapokaa bundukini. Mwili umeshika, lakini kitako kinasukumwa nyuma mpaka kigote komeo. Shaba hunyooka hapo katikati, juu kidogo ya kitako, na kila ikipigwa inazidi kuwa nyembamba. Ndani unajichimba mfereji. Nje dalili yake ni pete ndogo inayong'aa, nayo ndiyo onyo unaloweza kuliona kwa macho. Kaka yako ameyafanya yote yang'ae.

Tena akaongeza kosa juu ya kosa. Baba yako alipolirudisha ganda kwenye umbo lake, kalibu yake ya chuma ililisukuma bega la ganda, pale linapoanza kupungua kuelekea mdomoni, nyuma kwa unene wa unywele tu, kiasi cha komeo kufunga. Kermit alikaza kalibu mpaka mwisho, kama anayekaza gurudumu la trekta. Bega likarudi mno, ganda likapata nafasi kubwa ya kunyooka.

Nimekuwekea pia waya wa baba yako, kile kibanio cha karatasi alichokinyoosha na kukipinda ncha. Kwaruza nao ndani ya ganda kutoka kitakoni kwenda juu. Ukikwama kama ukucha kwenye ufa wa kikombe, ganda hilo limekufa. Lakini huo ni kwa ajili ya maganda mapya utakayonunua. Kwa haya usiniletee hoja ya waya. Katika yale ya Kermit, waya ulikwama katika thelathini na moja, na matatu ambayo waya ulipita bila kukwama, nilipoyapasua yalikuwa membamba kama ganda la kitunguu.

Hospitalini Kermit alilia. Alikuwa akirudia, "Lakini yalikuwa safi, mjomba." Nilimfokea pale pale ukumbini, mpaka Twyla, bandeji ikiwa bado jichoni, akaniita kitandani pake. "Mwache, mjomba. Adhabu yake nimeshaipanga. Atanitungia uzi kwenye sindano mpaka nione tundu mwenyewe." Kila jioni sasa Kermit anakaa chini ya taa akitunga uzi, na vidole vyake vinene vinatoboka.

Najua utasema hivi ni vitu vya baba, vidole vyake vilivigusa. Marit, shaba haikuwa baba yako. Baba yako alikuwa ile mistari ya penseli, nayo imekwisha kuungua. Kilichobaki ni nyundo yake.

Kwa hiyo yale arobaini, ng'oa vichwa vya risasi kwanza, mwaga baruti, kisha fataki zinazobaki kitakoni, zile za kuwashia baruti, zifyatue bundukini ukiwa umevaa miwani. Usiguse lililojaa kwa nyundo. Yakishakuwa matupu, ponda yote mia tatu.

Nisalimie Clement na mama yake, na mwambie Roland, nduguye Clement, ahsante kwa kukuletea barua kwa mashua. Mama yako, Twyla na Kermit wanakusalimu. Mungu akulindie mikono na macho.

Ukijibu, usiniambie kwamba yako safi. Niandikie neno moja, salama, na bahashani utie ganda moja lililopondwa. Nitalikabidhi kwa mama yako, aliweke ndani ya kile kikombe cha baba yako.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Thurman Aasgaard