Marashi Yapo, Mtu Hayupo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Chupa yangu ya marashi ilipotea jana Jumapili, kati ya kengele ya kwanza ya kanisa na chakula cha mchana. Ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya redio. Nimetoa nguo zote, nimesogeza mpaka kitanda. Haipo!

Na si marashi ya kuokota. Nilimwagiza Mwanaasha, yule wa udi na mafuta ya nywele pale sokoni, akayaleta kutoka Dar. Ukipuliza, kwanza ni ndimu na ganda la chenza — yale maji yanayokurukia machoni ukimenya. Unakunja uso. Baada ya kama nusu saa ndimu inaondoka na maua ya mchungwa yanatoka taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja wageni waage kwanza. Jioni ukivua sweta unayakuta yamebaki kidogo kwenye kola, kama shuka iliyokaukia juani. Na jua lenyewe hapa Tukuyu mwezi wa sita tunalisikia redioni tu! Siku nzima nashika mikungu ya ndizi, utomvu mpaka kwenye kucha, moshi wa lori la Fuso, magunia yaliyolowa. Kitu kimoja kizuri mwilini mwangu. Nilijinunulia mwenyewe, hakuna aliyenichangia.

Nimemuuliza Lugano. Mume wangu alikuwa amechuchumaa pembeni ya pikipiki ya mteja, anakaza mnyororo, hata kichwa hakuinua. Eti marashi ni marashi tu, Mama Ambwene, utanunua mengine.

Marashi tu! Mwambie yeye pikipiki ni pikipiki tu, uone.

Chupa haina miguu. Ambwene yuko bweni. Ndani ya nyumba hii tumebaki mimi, Lugano, Baba mkwe wangu na wifi yangu Jenifer. Baba haoni. Lugano marashi ya kike ya nini. Hesabu hiyo haitaki hata vidole.

Jumanne, 3 Juni

Maisha bila marashi: nimekuwa kengele.

Baba mkwe wangu, Mzee Ambindwile, ni wa mila za zamani na hajalegeza hata uzi mmoja. Mkamwana na baba mkwe wanaogopana, basi. Hatuonani uso, hatusemezani, hatupishani njiani. Neno langu linafika kwake kupitia Jenifer, na lake linarudi kupitia Jenifer. Miaka kumi na miwili nimeolewa hapa. Wenzangu wa mjini wananicheka. Wacheke. Nilipojifungua Ambwene nilikuta mkungu wa ndizi mbivu mlangoni pa jiko, na hakuna aliyesema ni wa nani. Nilijua.

Alipokuwa anaona ilikuwa rahisi. Anakohoa, nakata kona. Mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili tukagongana kwenye kona ya bafu. Bega kwa kifua! Baba hakula siku ile. Mimi nililia kama nimeua. Ndipo nilipoanza kujipuliza kila siku badala ya Jumapili peke yake. Akisikia chungwa anajua ni mimi — anaingia zake ndani. Hatujagongana tena. Aliwahi kumwambia Jenifer kwamba marashi ya mkamwana wake yana adabu kuliko watu.

Leo nimevuka uani nikigonga sufuria kwa mwiko. Jirani kauliza kama nafukuza nyuki.

Jenifer naye hoi kwa kucheka. "Wifi, ongeza ngoma tutoke na harusi!"

Nikamuuliza palepale: wifi, chupa yangu?

Kanipandisha, kanishusha kwa macho. "Mimi ninukie, ninukie kwa nani? Mwanamume mwenyewe nilimwacha Mbeya na kikohozi chake."

Hilo si jibu.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikuwa kijijini Nkunga, kupakia ndizi zangu za biashara. Tangu alfajiri, manyunyu, Fuso inateleza. Mchana nikapita sokoni kwa Mwanaasha. Keshokutwa Idi, duka limejaa akina mama wa udi, sipati hata pa kuweka mkono. Chupa nyingine hana. Mzigo utakuja baada ya sikukuu. Kaniona nimenuna, akanipaka tone la mwisho la ile chupa ya kuonjesha, nyuma ya sikio.

"Shoga, ngozi yako inayapika haya. Kuna mtu ukimpaka yanabaki ndimu mpaka magharibi, utadhani kaangukia kachumbari."

Nimerudi nyumbani, ndimu imeshaondoka, maua yametoka, moyo umetulia. Sijavua hata buti, Jenifer huyu hapa na ujumbe. Baba anauliza kwa nini siku hizi nimehamia kibarazani. Eti juzi Jumanne nilimfukuza kwenye benchi lake. Leo saa nne nimemfukuza tena. Amekaa chumbani kwake nyuma mpaka adhana ya mchana, na baridi hii.

Mimi! Saa nne nilikuwa Nkunga, nimebeba mkungu begani!

Kwa hiyo kuna mtu ananukia mimi wakati mimi sipo. Na mwanamke aliyebaki nyumbani ni mmoja. Nikamwambia. Sikupunguza. Unajipuliza marashi yangu, unajikalia kibarazani kama bi harusi, na baba yako mwenyewe anakukimbia akidhani ni mimi?

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kasema, "Miaka mitatu, tangu nirudi hapa, nimekuwa mdomo wako kwa Baba. Leo mwizi. Haya, mdomo unaondoka. Zungumza naye mwenyewe."

Anakunja vitenge vyake sasa hivi. Namsikia. Sijaenda kumzuia.

Ijumaa, 6 Juni

Jenifer kaenda Mbeya kwa shangazi yake. Hapokei simu.

Chakula cha Baba anapeleka Lugano. Maneno ya Baba analeta Lugano. Lugano kila kitu. Na anapiga mluzi! Mwanamume ambaye hajawahi kujua sahani zinakaa wapi.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka kanisani, nimepita kibarazani. Benchi linanukia. Jenifer ana siku mbili Mbeya!

Nimeinama nikanusa mbao, nikiomba jirani asinione. Ndimu tupu. Kali, chungu, imelala palepale. Maua hakuna. Mbao haina joto, haiwezi kuyatoa. Hakuna aliyejipuliza. Kuna mtu anapuliza benchi.

Nani mwenye akili timamu anavisha benchi marashi?

Nimemwandikia Jenifer: wifi, nilikosea, nisamehe. Hajajibu.

Jumanne, 10 Juni

Niliondoka alfajiri kwenda Nkunga. Fuso ikavunja springi njiani, nikageuza, saa nne kasorobo niko nyumbani. Nikaingia kwa nyuma, jikoni. Bila marashi, bila sufuria, kimya, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Hakuna aliyejua nimerudi.

Ukuta wa jiko na chumba cha Baba ni ubao mmoja. Nikamsikia Baba.

"Lugano. Mkamwana bado yuko kibarazani?"

"Yupo, Baba. Anachambua maharage. Kaa kwanza ndani."

Nilikuwa nimesimama jikoni na viatu mkononi!

Baba akagonga fimbo sakafuni mara moja. Akasema, "Marashi yapo, mtu hayupo. Hapumui. Sisikii hata ungo."

"Kanyamaza kwa heshima, Baba."

"Kwa heshima," Baba akasema. "Ndaga, asante, mwanangu. Basi nikae." Nikasikia kitanda kikilia. Mzee kakalia kitanda saa nne asubuhi kama mfungwa, kwa ajili ya heshima yangu. Yangu!

Ningesema neno moja. Baba, niko hapa. Kinywa kilifunguka kabisa. Sauti haikutoka. Miaka kumi na miwili sijawahi kusema mbele yake, koo lenyewe halijui njia.

Kisha miguu — ya watu watatu, wanne — inapita kibarazani na kupandisha kule juu. Kila anayekwenda shamba la juu lazima apite mbele ya benchi la Baba, na Baba hampitishi mtu bila salamu na maswali kumi: wewe nani, wa kwa nani, unafuata nini. Ndiyo maana benchi lilipaswa kuwa tupu.

Nikawafuata kwa mbali kwenye migomba. Shamba la juu. Miparachichi yangu sitini na mbili! Nimeipanda kwa mikono hii, nimeibebea mbolea mgongoni miaka minne, mwakani ndiyo mavuno ya kwanza ya kueleweka. Shamba ni la Baba, lakini alimtuma Jenifer kwangu mwenyewe: mwambie mkamwana, shamba la juu ni mikono yake. Leo lina vigingi vipya pembe zote nne. Na Prosper, dalali wa viwanja, kasimama katikati na viatu vyake vya kuchongoka, anamwonyesha mgeni mwenye koti la ngozi mahali kisima kinapoweza kuchimbwa.

Prosper kaniona. Hana aibu hata ya kukopa. "Shikamoo mama! Hongera, mmelitunza. Mteja kalipenda."

Lugano kageuka. Sijawahi kuona mtu mweusi akipauka vile.

Nikashuka. Koti la mvua la Lugano lilikuwa limetundikwa mlangoni kwetu, nikatia mkono mfukoni. Chupa yangu. Nilipoiacha ilikuwa robo tatu. Mimi napuliza mara mbili kwa siku, Jumapili mara tatu, ilikuwa inifikishe Krismasi. Imebaki vidole viwili. Siku tisa! Benchi limeoga kuliko mimi.

Jumatano, 11 Juni

Jana alirudi amechelewa makusudi, akalala amevaa soksi. Leo nimemkamata kwenye chai. Nimeweka chupa mezani, katikati ya sukari na mkate.

Kaanza: Mama Ambwene, ni kuangalia tu. Kisha: mambo ya ukoo haya. Kisha: nikipata Noah nitakuwa napeleka abiria Mbeya, wewe utapumzika na ndizi. Nani kamwambia nimechoka na ndizi? Nimechoka na yeye!

Nikauliza Baba amekubali?

"Baba ataelezwa."

Lini? Kabla ya wino au baada?

Akaangalia mkate. Nikauliza tena. Akasema Prosper anakuja kesho saa tatu na mashahidi na kibati cha wino, ni kidole gumba tu, mzee hatasumbuliwa. Hatasumbuliwa! Kwa hiyo ataambiwa nini kidole kinakwenda wapi? Akasema tutaongea. Nikasema tunaongea. Akasema jioni. Jioni hii hapa, yuko nje anasafisha plagi ya pikipiki ambayo niliiona akiisafisha asubuhi.

Nimefikiri nimtume nani kwa Baba. Jirani? Kesho kata nzima ya Kinyala itajua mwanangu ana baba wa namna gani. Mchungaji? Yuko semina. Jenifer kajibu hatimaye: *Naona umekumbuka mdomo wako ulipo. Jumamosi narudi.* Jumamosi! Wino ni kesho. Njia pekee ya maneno kati yangu na Baba niliifukuza mwenyewe, tena nikiiita mwizi. Na aliyebaki kubeba maneno ndiye mwenye chupa mfukoni. Hasira imenigeukia mimi pia, niandike nini.

Kitu kinachonikereketa kuliko vigingi, kuliko hata Noah: kile nilichokivaa ili mzee asidhalilike, ndicho alichofungiwa nacho ndani. Lugano amechukua adabu yangu akaifanya kufuli.

Nimetoka nje nikamwambia akiwa ameshika hiyo plagi. Sikupandisha sauti. Kesho saa moja asubuhi, kabla Baba hajatoka kwenda kwenye benchi, nataka jibu. Si tutaongea, si ataelezwa. Unauza au huuzi. Nikimsikia akinyamaza, au akitafuta mkate wa kuangalia, najua la kufanya.

Nimesugua benchi kwa sabuni ya mche na maji ya moto mpaka mbao imerudi kuwa mbao. Vidole viwili vya marashi vilivyobaki nimevifungia kwenye sanduku langu. Kesho sijipulizi. Ni mara ya kwanza tangu ile siku ya bafu kwamba sitaki Baba ajue nakuja. Akishakaa, akishaegemeza fimbo yake, nitaketi mwisho wa benchi lilelile na kufungua kinywa. Baba, ni mimi, mkamwana wako. Shamba la juu linauzwa saa tatu. Najua itakuwa aibu gani. Najua huenda asile, na safari hii zaidi ya siku moja. Ng'ombe wa kuomba radhi kwa kuvunja mila nitamtoa mimi, kwa ndizi zangu.

Nimejaribu kusema sentensi hiyo hapa chumbani, kwa sauti ndogo. Mara ya tatu imetoka.

Lugano kazima taa ya nje. Anafuta miguu mlangoni, muda mrefu, kuliko matope yaliyopo.

Saa moja kamili, Lugano. Unauza au huuzi? Neno moja.