Maji ya Kijani Horini

Jumamosi, 3 Agosti

Imechemka tena! Pikapu imenizimikia kwenye mwinuko wa mawe meusi, tangi la maji limejaa mgongoni, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Nikakaa kwenye kivuli cha gurudumu kungoja injini ipoe, na huko hemani kondoo wangu wanalilia maji. Nilipofungua mfuniko wa rejeta – tope. Tope la kutu, zito kama uji.

Najua ni kazi ya nani. Shemeji Nayif aliazima gari mwezi wa nne kwenda harusini, akakuta rejeta imepungua, akajaza maji ya kisima. Maji ya kisima chetu, yenye chumvi mpaka sufuria zinaota ukoko mweupe! Nilipomgombeza alicheka. Eti kulanti, ile dawa ya kijani ya rejeta, ni ya watu wa theluji, sisi tuna jua letu. Na ndoo zinazoganda hapa kila Januari, zinagandishwa na jua?

Baba Rakan, mume wangu, yuko jeshini mpakani. Kwenye karatasi gari ni lake. Kwa jasho ni langu. Dizeli naweka mimi, maji nabeba mimi, pancha naziba mimi.

Kulanti nimeshaagiza mjini Mafraq, imekuja na lori la unga. Kesho namwaga uchafu wote.


Jumapili, 4 Agosti

Nimechoka lakini nina furaha. Niandike kabla haijaisha.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilitandika gunia niingie chini. Nayif huyo, katokea wapi sijui. Anapaza sauti: Shemeji, toka hapo, barabara yote inakuona umelala chali! Nikataka kumjibu vibaya, nikameza. Basi ingia wewe. Nikampa karai na spana. Nikamwambia waziwazi: hii ya kwanza itakayotoka ina kulanti ya zamani, ya kijani, ni sumu. Ni tamu, mnyama akiionja haachi. Chimba shimo nyuma ya mawe, mbali, umwage, ufukie. Akasema sawa, sawa, sawa. Mara tatu. Halafu akauliza kama kuna mkate.

Ndiyo, nikaenda kumpikia mkate. Mgeni kwenye hema la kaka yake hafanyi kazi na njaa. Niliporudi karai lilikuwa tupu, kizibo cha chini kimekazwa, na yeye anajipepea.

Kazi iliyobaki tulifanya wote. Tukajaza maji safi, tukawasha injini, nikafungulia kipasha joto cha ndani mpaka mwisho ili maji yazunguke kote. Kipasha joto, Agosti! Nayif alikaa kwenye usukani akitoka jasho kama barafu juani, akinilaani mimi na aliyebuni dizeli. Tukazima, tukangoja, tukafungua; kila karai Nayif alienda kulimwaga, mimi nikitazama rangi ya maji. Chai. Tena. Chai nyepesi. Tena – maji meupe, unaona tundu la kizibo hadi ndani! Nikajaza kulanti mpya na maji ya dukani, nikaminyaminya mipira ya rejeta hewa itoke. Tulicheka sana leo. Ni mtu mwenye mzaha, huyu, akitaka.


Jumatatu, 5 Agosti

Kisimani na kurudi, na mzigo, na jua. Mshale haukutikisika! Nimeimba njia nzima.

Jioni Mama Dhiyab amepita, mke wa Mzee Sayyah, jirani yetu. Ana wasiwasi. Kondoo wao wanayumba kama walevi tangu asubuhi. Wengine wamelala na hawataki kuinuka. Nikamwambia labda ni jua.


Jumanne, 6 Agosti

Si jua.

Wamekufa. Si wote, lakini wale bora, wale wa maziwa. Mama Dhiyab amekaa chini amepakata kichwa cha mmoja, anakifuta povu kwa shela yake.

Nikauliza walikunywa wapi juzi. Kwenu, akasema. Hori la barabarani.

Hori lile ni nusu pipa, aliliweka marehemu baba mkwe kando ya njia. Ni la kila apitaye, hakuna anayebisha hodi. Nilikimbia mpaka pale. Maji kidogo chini, na ukingoni kote mstari wa kijani.

Hakuchimba! Sumu ameimwaga horini!

Nimelipindua hori, nimefukia udongo, nimerundika mawe juu mpaka kucha zikatoka damu. Kondoo wangu waliponea kwa kuwa mimi huwanywesha kwenye tangi. Kwa bahati tu. Nikimpata leo nitamla mbichi.


Jumatano, 7 Agosti

Nimempata. Hata hakukana. Alikaa akichora mchanga na kijiti.

Niliona ni maji yenye rangi tu, shemeji. Baadaye nikayaongezea yale ya kusuuzia, nikasema ukali utapungua. Agosti hii! Nimwage maji ardhini Agosti? Mkono ulikataa.

Na hapo hasira yangu ikakwama kidogo, nakiri. Hata mimi maji ya kuoshea vyombo nampa mbuzi. Huku hakuna mtu anayemwaga maji. Lakini nilimwambia ni sumu! Nilisema kwa mdomo huu!

Nikamwambia nenda kwa Mzee Sayyah kabla ya magharibi, useme mwenyewe kama mwanamume. Akasema ataenda. Mara moja tu safari hii.


Alhamisi, 8 Agosti

Ameenda. Laiti asingeenda!

Mama Dhiyab ndiye kanieleza, tena bila kunitazama. Nayif ameketi kwenye baraza ya kahawa ya wanaume akasema mkono wa shemeji yake uliteleza. Mwanamke ameshika kazi ya gari asiyoijua, na yeye alifika amechelewa, akasaidia alipoweza. Wazee wakatikisa vichwa. Hana haya! Amekula mkate wangu, kisha kanitupa midomoni mwa watu.

Nikasema Mama Dhiyab, wallahi si mimi. Akasema, mwanangu, mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayejua mambo ya gari.

Hilo ndilo linalonichoma. Kwa sababu najua, basi ni mimi.

Na Mzee Sayyah hataki fidia. Kakataa kondoo, kakataa kila kitu. Ana neno moja tu: mwanamke asishike tena ufunguo wa gari lile, uende kwa Nayif. Kwa Nayif! Maana yake kila siku nikamwamkie shemeji, nimbembeleze, ningoje amalize kulala na sigara ndipo kondoo wangu wapate maji. Mwezi mmoja hivyo na sina kondoo. Na akijaza tena maji ya kisima, sina gari pia.

Nimempigia Baba Rakan. Ameshapigiwa na mdogo wake, naye kashaomba ruhusa. Anakuja kesho. Simu ilikuwa inakatika, nimesema nusu tu.


Ijumaa, 9 Agosti

Wanaume wako upande wa pili wa pazia linalogawa hema. Naandika nimeketi juu ya magunia, ufunguo uko kifuani.

Baba Rakan alifika adhuhuri na vumbi la njia nzima. Hata maji hajamaliza kunywa, wageni hao! Wazee, Mzee Sayyah katikati, Nayif nyuma yao, amevaa safi. Kahawa ikamiminwa. Mzee Sayyah kapokea kikombe, kakiweka chini mbele yake, hakukigusa. Akamwita mume wangu kwa jina: Hazza, sinywi mpaka unipe nililojia.

Kila mtu anajua jibu lake. Kunywa kahawa yako, Mzee, umepata. Hapa kwetu sijawahi kusikia mwenye hema akimwacha mzee aondoke bila kunywa. Hiyo ni aibu ya kurithisha wajukuu. Na Mzee Sayyah si mtu mbaya. Amepoteza kondoo wake, anaamini alichoambiwa.

Hazza aliinuka, akaja huku kwangu. Nikamweleza yote kwa kunong'ona. Karai, shimo, sawa sawa sawa, mkate, hori, kijiti mchangani. Nikamwambia, Baba Rakan, mimi siwezi kuishi kwa kuomba maji kwa huyu mtu.

Akasema, najua ni yeye.

Unajua?

Ni mdogo wangu, Khazna, nimemlea. Tangu aanze kuniambia kwenye simu nilijua.

Nikasema basi, nenda ukawaambie!

Akatazama chini. Akasema nikimwumbua mbele ya wazee hawa, hapati mke ukoo wowote huku, wala hatasimama tena kwenye baraza. Wewe una mimi. Yeye ana nini?

Eti nina yeye! Kama vile yeye ni tangi la maji!

Nikamwambia, Nayif ana ulimi, mwache aseme mwenyewe. Wazee wako pale, na Mzee yuko pale. Amwambie sasa hivi, mimi nitampikia mkate mwingine. Hazza akarudi upande wao.

Nikapandisha sauti kupitia pazia, nje ya adabu zote nilizofunzwa. Nikasema, Mzee Sayyah, kabla hujanywa, mwulize Nayif alichimba wapi.

Kikombe kimoja kikagonga sinia. Mzee akauliza, uchimbe nini, kijana? Namsikia Nayif akikohoa. Amekohoa tena.

Kahawa lazima imeshapoa.

Mkono wa Hazza umepita chini ya pazia. Kiganja wazi, sijui kinadai ufunguo au kinanitafuta mimi. Kina alama ya grisi ya mwaka jana, tulipofunga pampu pamoja. Ufunguo ninao ngumini, umepata joto. Kule Nayif bado anakohoa, na mkono bado upo.