Zamu ya Kisima Bila Dizeli

Bute

Kwa dada yangu mkubwa Saadia, hapo Iftin,

Assalamu aleikum, abaayo, dada yangu. Goti linaendeleaje? Na chai yenye sukari, bado unakunywa kwa kujificha? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na leo nakuandikia moyo umetulia. Kaa chini, kuna habari ya binti yetu Hodan. Usiseme najisifu. Nasema yaliyotokea tu, na yaliyotokea ni makubwa.

Unajua mafuta yalivyopanda. Kamati ya kisima ilishindwa kununua dizeli, jenereta ikanyamaza. Ikawa mwenye mifugo anakuja na mtungi wake wa dizeli, anawashiwa, wanyama wake wanakunywa. Asiye na mtungi anangoja. Mimi nilingoja siku mbili, abaayo, mbuzi wangu wanalamba hori kavu mpaka nikageuza uso.

Wakaja watu wa mradi: tutawawekea sola bure, lakini mkubaliane kwanza. Baraza likaitwa. Mheshimiwa mmoja anayetafuta kura akasimama: "Nichagueni, nitashusha bei ya mafuta!"

Muuza maziwa akamjibu, "Bei ya mafuta inatoka Nairobi! Wewe shusha kwanza bei ya sukari dukani kwako!" Tulicheka mpaka akakaa.

Mzee Abdirahman, mwenye ngamia wengi kuliko wote, hakucheka. Akasema, "Leo zamu ni ya mwenye mtungi, hakuna ubishi. Jua ni la kila mtu. Nani atatangulia? Tutauana hapo kisimani."

 Wale wa mradi wakaanza kukunja karatasi zao. Nikajua mbuzi wangu wamekwisha.

Ndipo Hodan akasimama. Fundi wa sola, abaayo, cheti chake nimekitundika ukutani, ukija utakiona kabla hujavua viatu. Niliogopa watamwambia akae. Akauliza kwa adabu, "Awoowe, babu yangu, kabla ya jenereta, mlipokuwa mkichota kwa kamba, nani alitangulia?"

"Mwenye kiu. Mbuzi kwanza, ng'ombe wanafuata, ngamia mwisho. Ngamia anavumilia siku nyingi."

"Na mlikuwa mkiuana?"

Mzee akacheka peke yake. "Wallahi, binti, umenifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Haya, andikeni hivyo."

Wakaandika. Paneli zikaja, na nyaya zote Hodan ndiye aliyezifunga. Siku maji yalipotoka, mbuzi walikataa kusogea, maana wamezoea jenereta ingurume kwanza! Ilibidi niwasukume. Sasa wanakunywa kila zamu yao, na maziwa yamerudi. Jana Mzee Abdirahman alinifuata mpaka mlangoni: "Ngamia wangu ni lini?" Nikamwambia, mimi ni mama tu, muulize fundi.

Nisalimie shemeji, mumeo mpole, na mama mkwe wako, mwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia. Binti yako mwalimu pia msalimie, mwambie shangazi, aah, mama mdogo wake, anasema kazi ya ualimu nayo si mbaya.

Mungu awahifadhi nyote.

Ni mimi mdogo wako, Mama Hodan. Jina la Fatuma huku wamelisahau kabisa, na mimi siwakumbushi.